Kahawa ya Ngamiani: Dele Safi, Refa Ana Timu Yake

Kijiwe hiki hakina bango wala jina. Fika Ngamiani, Tanga, baada ya magharibi, tembea kati ya barabara ya 12 na ya 13, halafu tega sikio. Ukisikia vikombe vinagonganishwa, umefika. Utakuta mabenchi matatu, jiko moja la mkaa, ndoo ya maji ya kusuuzia, sinia la bati na dele la shaba lenye mdomo mrefu kama shingo ya korongo. Finjani moja shilingi 200. Kashata shilingi 200, ya karanga au ya nazi. Mwezi uliopita nilikaa hapo karibu kila jioni, na kila kikombe nilikilipia mwenyewe, kwa hiyo nitakayoyasema hapa sidaiwi na mtu.

Nianze na kahawa, nisije nikaambiwa nimekwenda kula maneno. Kahawa ni nzuri. Si ya kumtoa mtu Dar, ila ni nzuri: nyeusi, chungu, tangawizi inakuja nyuma ya koo ukishameza, na mwenyewe hana ule mchezo wa kuongeza maji dele likikaribia kuisha. Ya saa moja na nusu ndiyo yenyewe. Ukichelewa hadi saa tatu mkaa umeshachoka, unapewa vuguvugu, na kahawa vuguvugu mimi naiita dawa. Kashata za karanga chukua bila kuuliza. Za nazi nilizikuta zimechacha siku ya tatu nikanyamaza, siku ya tano nikasema, siku ya sita hazikuwepo kwenye sinia. Hilo nalihesabu kwa upande wa mwenye kijiwe. Benchi la ukutani lina msumari. Wenyeji wanajua pa kukaa, mgeni anajua akishafika nyumbani na kuivua suruali.

Lakini watu hawavuki mji kwa kahawa. Wanafuata mada.

Mwenye dele ni mzee wa miaka sitini na kitu, sote tunamwita Ami, hata wanaomzidi umri. Mwezi uliopita ilikuwa hivi: redio ya fundi baiskeli ilikuwa inasoma taarifa ya habari, vita huku na vita kule, watu wawili wakashikana mashati juu ya nani mwenye haki. Ami akazigonganisha finjani mbili. Kote pwani muuza kahawa akigonganisha vikombe anaita wateja. Huyu anazuia. Akasema, "Mnapigana kwa vita vya watu? Basi tuvizungumze. Mada ya mwezi huu: nchi ina haki ya kuingia vitani lini?"

Sasa mniruhusu nijitambulishe, maana bila hilo hamtajua nampima huyu mzee kwa kipimo gani. Nauza spea za baiskeli, kazi ambayo hapa Tanga hainyimi mtu ugali. Kabla ya hapo nimepuliza filimbi miaka 17. Ndondo za mitaani, ligi ya wilaya, na mara mbili nimeshika kibendera uwanja wa Mkwakwani. Nimetukaniwa mama na mashabiki wa Coastal, nikatukaniwa baba na wa African Sports, mechi moja. Kwa hiyo mtu akiniambia fulani anaendesha mjadala kwa haki, huwa siangalii anachosema. Naangalia anapuliza lini.

Na huyu Ami anajua kupuliza. Utaratibu wake uko kwenye finjani. Aliyemiminiwa ndiye mwenye zamu, anasema mpaka kikombe kiishe. Kahawa ni ya moto, huwezi kuimeza kwa pupa, na finjani haina mafunda zaidi ya manne, matano. Ukimaliza unarudisha kwenye sinia, Ami anamimina kwa mtu wa upande wa pili. Hujamiminiwa, huna sauti. Yupo mstaafu mmoja wa bandarini aliyegundua ujanja: anaacha funda la mwisho linapoa kikombeni huku yeye anaendelea, dakika kumi, kama mshambuliaji aliyeubana mpira kwenye kibendera cha kona timu yake ikiongoza. Ami hakumgombeza. Siku iliyofuata alimmiminia nusu. Nilicheka peke yangu. Hiyo ndiyo kujua wachezaji wako.

Kuna masharti mengine. Kabla hujamjibu mtu, kwanza irudie hoja yake mpaka mwenyewe aseme "ndivyo". Akisema "sivyo" unajaribu tena. Sivyo mbili, kikombe kinarudi na hela unalipa. Anayetukana anaosha vikombe vya jioni nzima. Kijana mmoja wa bodaboda ameosha vingi mpaka mikono yake imekuwa laini kama ya karani. Na atakayesema wapiganapo tembo nyasi huumia anawanunulia kashata wote waliopo. Nilimuuliza kwa nini anaionea methali ya watu. Akanijibu, "Hiyo ni njia ya kutokea. Mtu akiisema anaonekana mwenye busara, na hajasema nani kamchokoza nani."

Sharti ninalolipenda kuliko yote ni la ushahidi. Kila ukitaja jambo, Ami anauliza: umeona, umesikia, au unadhani? Si dhambi kudhani. Dhambi ni kudhani halafu ukasema umeona. Kijana akitoa simu aonyeshe video ya bomu linaangukia mji fulani, Ami anaiangalia vizuri, anairudisha, anasema, "Hapa umeona simu. Mji umeusikia."

Jioni ya Iraki ndiyo iliyonifanya nianze kuwaambia watu waje. Yupo mwalimu wa hesabu anayeichukia Marekani kwa moyo wake wote. Ami akammiminia yeye wa kwanza, akamwambia atetee vita vya mwaka 2003. Mwalimu akageuka rangi. "Ami, mimi?" "Wewe ndiye unayewajua." Basi mwalimu akaanza, kwa uchungu kuliko kahawa: Saddam Hussein aliwapiga Wakurdi wa Halabja kwa sumu mwezi Machi 1988, wakafa maelfu. Agosti 1990 akaimeza Kuwait. Baada ya hapo kwa miaka akawa anawazungusha wakaguzi wa Umoja wa Mataifa. Mtu kama huyo unamsubiri afanye nini tena? Alipomaliza alikuwa anatoka jasho, na mimi niliyekuja na jibu langu mfukoni nikaliona limepungua uzito.

Kisha finjani ikaenda kwa mstaafu wa bandari, nusu. Yeye akaturudisha tarehe 5 Februari 2003, Colin Powell amekaa mbele ya Baraza la Usalama, ameshika kichupa kidogo kuonyesha sumu ya namna gani Iraki inaficha. Machi 20 vita vikaanza, Baraza halijatoa azimio jipya la kuviruhusu. Silaha zikatafutwa, hazikupatikana. Ami akakatiza, jambo analolifanya mara chache sana: "Yule wa kichupa aliona, alisikia, au alidhani?" Mabenchi yote yakacheka. Mstaafu akasema alisikia. Sehemu ya habari zile ilitoka kwa Mwiraki mmoja aliyekimbilia Ujerumani, na mwaka 2011 mtu huyo alikiri mwenyewe kwamba alidanganya. "Basi," akasema Ami, "kumbe hata huko wakubwa hawana wa kuwauliza." Akamimina kwa mwingine.

Jioni ya vita vya Tanga ilikuwa nyepesi zaidi, kwa sababu kila mtu wa hapa anaijua na anaijua vibaya. Novemba 1914 Waingereza walishusha kama askari 8,000, wengi wao kutoka India, huku Raskazone, Mjerumani akiwa na kama 1,000 tu chini ya von Lettow-Vorbeck, na bado walirudishwa melini wakaacha bunduki na risasi nyuma. Fundi baiskeli anaamini ushindi wote ulikuwa wa nyuki. Nyuki walikuwepo kweli na waliuma watu, ila fundi huwapa hadi vyeo. Ami aliuliza swali moja tu jioni hiyo: sababu ya vita ile waliambiwa kina nani wa Tanga? Hakuna aliyejibu. Mtu mmoja akakumbusha wapagazi, maelfu kwa maelfu waliokufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya majeshi mawili, na kwamba jina la Kariakoo ya Dar limetoka kwenye kikosi hicho, Carrier Corps. Kila Simba na Yanga wakikutana tunaitaja Kariakoo, tunaiita dabi.

Mpaka hapo ningempa Ami alama zote. Ningemaliza andiko hili na kuwaambia mje.

Wiki ya tatu wakaingia Kagera.

Aliyeanza ni katekista mstaafu, mtu mpole, anavaa kofia ya pama hata usiku. Akasema kila aliyesoma shule nchi hii anayajua maneno matatu ya Mwalimu Nyerere katika hotuba ya tarehe 2 Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda kuingia Kagera mwishoni mwa Oktoba na Amin kutangaza kwamba ardhi ile ni yake. Maneno yenyewe: uwezo, sababu, nia. Katekista akasema sasa linganisheni na Mtakatifu Thoma wa Akwino, karne ya 13, aliyeweka masharti matatu ya vita vya haki: mamlaka halali, sababu ya haki, nia njema. Mawili yanafanana. Mwalimu alikuwa Mkatoliki na msomaji. Lakini pale penye mamlaka yeye kaweka uwezo. Kwa nini?

Mimi nimeisikia hotuba ile kwenye redio mara ngapi sijui, kila mwaka wanairudia, na sijawahi kujiuliza swali hilo. Finjani ilizunguka karibu saa nzima juu ya neno moja. Ustadh akasema uwezo hauwezi kuwa sharti la haki, jambazi naye anao. Qur'an katika Baqara, aya ya 190, inasema wapigeni wanaokupigeni na msivuke mipaka. Haikusema wapigeni mnaowaweza. Mstaafu wa bandari akamrudia vizuri mpaka akapata "ndivyo" yake, kisha akasema: kiongozi anayeingiza watu vitani akijua hawezi kushinda amewachinja wake mwenyewe, basi uwezo nao umo ndani ya haki. Ustadh akakaa kimya, akatingisha kichwa, akaomba kashata.

Halafu likaja neno nia, na hapo Kiswahili chenyewe kikatutega. Nia ya Mtakatifu Thoma ni kusudi: unapigana ili iweje? Nia ya Mwalimu, ukisikiliza sauti yake, ni azma: tumeamua, haturudi nyuma. Neno moja, mizigo miwili. Ustadh akasema nia ni kama ya funga, iko moyoni, jirani hawezi kuikagua. Hapo akamiminiwa kijana anayesoma sheria Dar, yuko likizo kwa mama yake Makorora. Akamrudia ustadh, akapata "ndivyo". Akaishika finjani.

"Nia inakaguliwa," akasema. "Unaangalia mtu kasimama wapi. Kama nia ilikuwa kumtoa Amin kwetu, kufikia Januari 1979 ardhi yetu ilikuwa imesharudi. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaruhusu kujilinda ukishambuliwa. Katiba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikataza kuingilia mambo ya ndani ya mwenzako. Sasa majeshi yetu kutoka Mutukula, pale mpakani, mpaka Kampala…"

Vikombe vikagonganishwa.

"Rudisha finjani," akasema Ami.

"Ami, sijanywa."

"Nimesema rudisha. La Kampala halina pande mbili."

Kijana akairudisha imejaa. Ami akaimwaga chini, akamimina kwa fundi baiskeli, ambaye hata hakuwa ameomba, akaanza tena habari za nyuki.

Mimi filimbi ile naijua. Naijua kwa sababu nimewahi kuipuliza. Mwaka mmoja, fainali ya mtaa, mtoto wa dada yangu anacheza beki, akamkwatua mshambuliaji ndani ya boksi mbele ya macho yangu, na mimi nikapuliza kuotea. Ilikuwa penalti ya wazi. Hakuna aliyenipa hela, hakuna aliyeniomba. Kidole chenyewe kilikwenda. Ndiyo maana nasema refa asipimwe kwenye mechi asiyo na ndugu ndani yake. Iraki Ami hana ndugu. Waingereza na Wajerumani wa 1914 ni wa kaburini. Mjadala unaupima pale panapomuuma anayeuendesha, na pale Ami alianguka kifudifudi.

Na mimi, refa wa miaka 17, sikusema kitu. Nililipa shilingi 800 nikaenda kulala. Ukiweka malalamiko juu ya kijiwe, liweke na hilo.

Jioni ya pili nilikwenda nikidhani kijana hatakuwepo. Alikuwepo. Ami ndiye aliyekuwa hayupo kwenye jiko. Nikamwona amechuchumaa kwenye ndoo, amekunja mikono ya kanzu, anaosha vikombe. Kijana wa bodaboda amesimama pembeni anamwangalia kama mtu aliyeporwa kazi. "Jana nilicheza rafu," akasema Ami bila kuinua kichwa. Alipomaliza akajifuta mikono, akaniletea dele. "Wewe si refa? Shika. Leo mimi nacheza." Akaenda kukaa kwenye benchi la msumari.

Nilimmiminia. Akasema, "Haya nimeona." Ndipo tukajua, watu tuliokunywa kahawa yake miaka, kwamba alikuwa mgambo, alichukuliwa Muheza akiwa na miaka 20, na kwamba alilikuta daraja la Kyaka limelala majini na vijiji vya Kagera havina watu wala ng'ombe. Hakusema sana. Alisema kuna wenzake wamelala Kaboya, kule Muleba, na kila mwezi Julai siku ya Mashujaa anafunga kijiwe. Sisi tulidhani anakwenda kwa mwanawe Korogwe. Kisha akatoa hoja, na ilikuwa hoja, si machozi: mizinga ya Amin ilikuwa na uwezo wa kutufikia kutoka ng'ambo ya mpaka. "Mtu aliyekuchomea nyumba, ukimtoa uani ukamwacha mlangoni na kiberiti mkononi, hujajilinda. Umeahirisha."

Kijana akairudia. "Sivyo," akasema Ami. Akairudia tena, polepole zaidi, akaiweka na ile ya kiberiti. "Ndivyo."

Nikamwongezea Ami kikombe.

"Refa," akasema kijana, "zamu."

Wallahi niliona haya. Jioni moja tu na dele mkononi, na mkono ulishakwenda wenyewe kwa ninayempenda. Nikaomba radhi, nikammiminia kijana.

Akasema hivi: hoja ya kiberiti ndiyo hoja ya mwaka 2003, kumpiga mtu kabla hajarudi, na benchi hili hili liliikataa wiki iliyopita. Akakumbusha kwamba Julai 1979, kwenye mkutano wa viongozi wa Afrika kule Monrovia, Nigeria na Sudan zililaumu waziwazi tulichofanya. Hawakumpenda Amin. Waliogopa mlango tuliofungua. Katekista akataka kuingilia kwamba Mwalimu alieleza vita vilikuwa viwili, chetu cha kujilinda na cha Waganda wenyewe cha kumwondoa dikteta wao. Nikamwambia angoje finjani. Sasa ilikuwa zamu ya Ami kurudia.

"Anasema tulivamia."

"Sivyo, Ami."

Alinyamaza muda mrefu. Mkaa ulikuwa unalia. Akaangalia chini, akaangalia dele mikononi mwangu, kama mtu anayetafuta neno kwenye mfuko uliotoboka.

"Anasema ruhusa tuliyojipa sisi, tumewapa na wengine."

"Ndivyo."

Ami akaomba maji, si kahawa. Hakukubali. Mpaka leo hakubali, na kijana naye hakubali, amesharudi Dar.

Ningeishia hapa, lakini lipo dosari nililokuwa silioni kwa sababu nami ni wa upande huo. Ng'ambo ya barabara, hatua sita kutoka kwenye mabenchi, yupo mama anayekaanga bajia. Jioni zote hizo alikuwa anatupia neno. Siku ya Iraki alisema, siku ya nyuki alisema. Hakuna aliyewahi kumrudia hoja yake, hakuna aliyemuuliza kaona au kasikia, kwa kuwa hana finjani, na hana finjani kwa kuwa wanawake hawakai pale. Sheria haijaandikwa popote. Jioni ile nimeshika dele akasema kwa sauti, kijiko cha bajia mkononi, "Na sisi tulioambiwa baada ya vita vya Kagera tufunge mikanda miezi kumi na minane, mbona hamtuhesabu?"

Nilitafuta kikombe safi. Nikamsikia mtu nyuma yangu anasema taratibu, "Ah, bwana, kahawa ya barazani hiyo." Nikasita. Nimesita kweli, nimeshika finjani imejaa, inapoa. Ami ndiye aliyeinuka, akaichukua mkononi mwangu, akavuka nayo barabara, pikipiki ikampigia honi.

Mama akaipokea. Akasema kahawa usiku haimpi usingizi, hatainywa, lakini kwa kuwa ndiyo kibali chenu naishika. Akasimulia. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Foleni ya sukari alfajiri, sabuni ya kukatiwa kipande, mafuta ya taa ya kugawana na jirani kwa kifuniko cha chupa. Baba yake aliuza baiskeli. Nyie wa Tanga mnajua kuuza baiskeli maana yake nini. Miezi kumi na minane ikaisha, dhiki haikuisha. "Mimi sisemi tusingepigana," akasema. "Mimi nasema mtu akisema twende vitani aseme na bei, kama mimi ninavyokuambia bei ya bajia kabla hujala. Amesema sababu, amesema uwezo, amesema nia. Bei hakusema."

Nikaomba mtu arudie. Wa kwanza alisema, "Anasema maisha yalikuwa magumu." Sivyo. Wa pili, "Anasema serikali ilidanganya." Sivyo. Jioni ile kikombe kilirudi mara mbili bila ndivyo, na wote wawili walilipa.

Kwa hiyo mkiniuliza kama mje, njooni. Njooni kabla ya saa mbili, mkaa ukiwa hai. Beba sarafu, noti ya elfu kumi hapo hakuna wa kuivunja. Usikae mwisho wa benchi la ukutani. Ukitaka kusema jambo la Kagera, liseme, utamiminiwa, nimeshuhudia mara mbili tangu siku ile; mkono wa Ami unatetemeka kidogo lakini vikombe havigongwi. Mada ya mwezi huu ni kikosi cha kulinda amani, mwaka 2013, Kongo mashariki, wanajeshi wetu na wa Malawi na wa Afrika Kusini walipopewa na Umoja wa Mataifa ruhusa ya kushambulia waasi, si kulinda tu. Kijana wa bodaboda ana mengi. Ameanza hata kusema "nadhani".

Juzi nimekuta kiti cha plastiki kimewekwa upande wa mama wa bajia, nusu kwenye vumbi, nusu barabarani, bodaboda zinakikwepa. Ami ndiye aliyekinunua. Mama hajakikalia. Ameweka beseni la unga juu yake, na finjani yake ya kila jioni pembeni ya beseni, imejaa, imepoa.